Bendera ya Aliyerudi

Ko!

Kitu kiligonga sakafu mara moja, kisha nyumba ikanyamaza. Mvua ilikuwa imekatika. Sekela alifumbua macho gizani na hakuwasha taa, kwa sababu aliujua mlio ule kama alivyokijua kikohozi cha mumewe. Ulikuwa mkongojo. Kila usiku, tangu waoane, mumewe aliuegemeza kitandani na kulala mkono wake ukiwa juu yake, kama askari alalavyo na bunduki. Ukianguka, mkono uliupapasa chini na kuuokota. Usiku ule mkono haukushuka.

Ndivyo alivyoondoka Mheshimiwa Mwakalobo, askari wa vita vya Kagera, mbunge wa vipindi vitatu. Sikilizeni taratibu habari zake, wakubwa kwa wadogo, maana mwisho wake mtaulizwa ninyi.

Watu watatu walimtengeneza mtu huyo. Mmoja alimpa uhai. Mmoja alimpa miguu. Mmoja alimpa sauti. Ondoa wa kwanza, kuna mifupa kwenye kinamasi. Ondoa wa pili, kuna mgonjwa asiyeinuka kitandani. Ondoa wa tatu, kuna mwanamume aliyejifungia chumbani, anayeuogopa mlango wake mwenyewe.

Uhai ulitoka katika nyumba ya Bibi Tusubilege, ng'ambo ya mto Lukwego, kule Ilundo kwenye baridi na migomba. Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu, Lwitiko. Lwitiko na Mwakalobo walichunga ng'ombe pamoja, wakapata kipaimara pamoja, wakaingia jeshini siku moja. Huko vitani lori lao lilipigwa, na mguu wa Mwakalobo ukavunjika juu ya goti. Lwitiko akamtia mgongoni. Alimbeba katikati ya mafunjo, maji yakimfika kifuani, mpaka wakatokea kwenye barabara iliyoshikwa na wenzao. Hapo akamlaza chini, akageuka kusikiliza. Nyuma kulikuwa na mwingine analia. Akamwambia Mwakalobo, "Ningoje hapa," akaingia tena majini. Hakutoka. Walimtafuta, hawakuona mwili wala kofia.

Mwakalobo alipotoka hospitali alikwenda kwa Bibi kabla ya kwenda kwao. Alimkuta akimenya ndizi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi, kisha akauliza mwanawe yuko wapi. Mwakalobo akajibu kwamba hajui. "Na wewe uko wapi?" Bibi akauliza. Akajibu kwamba yeye yuko hapa. Bibi akaendelea kumenya ndizi.

Tangu siku ile hakulitamka jina la Mwakalobo la ubatizo. Wazazi wake walikuwa wamempa jina la kumshukuru Mungu, jina ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni kwamba Mungu ameniokoa. Bibi alikuwa akimwita jina hilo tangu anatambaa, lakini sasa lilimkwama kooni. Kulitamka kulikuwa kukiri kwamba Mungu alitazama kinamasi kile, akawaona vijana wawili, akachagua. Basi akamwita Aliyerudi. "Mwambieni Aliyerudi aje ale." "Aliyerudi, funga mlango, baridi inaingia." Hakumchukia. Jina tu halikutoka.

Miguu ilitoka kwa Ngonyani, Mngoni wa Songea, mhudumu wa wagonjwa katika hospitali ya jeshi. Mwakalobo aliletwa kwake akiwa ameamua kufa. Alikuwa amegeuzia uso ukutani, hali, hasemi, na mguu umeanza kunuka. Daktari alitaka kuukata. Ngonyani aliomba aachiwe, akawa anausafisha asubuhi na jioni, na akiusafisha anamtukana mwenye mguu. Ati Wanyakyusa husifiwa kwa kupanda milima, kumbe hata kitanda kinawashinda kushuka. Ati kama anataka kufa afe haraka, kuna Msukuma mlangoni anasubiri godoro. Mwakalobo alinuna, kisha akakasirika, na siku moja hasira ikamwinua akae ili amrushie bakuli la uji. Bakuli lilimpata Ngonyani shavuni. Ngonyani akajifuta uji, akacheka, akasema, "Umekaa. Kesho utasimama."

Kesho yake hakusimama, wala kesho kutwa. Alisimama miezi mingi baadaye, na begani kwa Ngonyani alijifunza hatua upya kama mtoto. Vita vilipokwisha na wote wakaachishwa jeshi, Ngonyani hakuwa na mke wala mtu wa kumrudia Songea. Akapanda basi, akashuka Ilundo kusalimia. Mwakalobo alimpa chumba cha uani kwake, na salamu hiyo haijaisha hadi leo.

Sauti ilitoka kwa Sekela. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi alipoolewa na mwanamume mwenye mkongojo ambaye nusu ya maneno yake yalikuwa yamebaki vitani. Mwakalobo alikuwa akianza sentensi na kuiacha njiani. Mlango ukipigwa na upepo, anajificha nyuma ya kabati. Wageni wakija, anatorokea dirishani. Sekela hakumwambia ajikaze. Jioni, watoto wakishaondoka shuleni, alimpeleka darasani, akamsimamisha ubaoni, yeye akakaa dawati la nyuma kabisa. "Nisomee," alimwambia. "Nikisikia huku nyuma, twende nyumbani tukale." Zipo jioni walizorudi nyumbani na njaa bila neno lolote kusikika. Alimwazima vitabu vya hadithi, vya kilimo, hata vya hesabu. Ilichukua miaka. Sauti ilirudi kidogo kidogo, ikajaza darasa, ikatoka madirishani, mpaka wapita njia wakawa wanasimama kusikiliza. Mmoja wao ndiye aliyesema kwanza kwamba huyu bwana angetufaa bungeni.

Alipogombea mara ya kwanza, wapinzani wake walieneza maneno. Walisema Mwakalobo alimtelekeza mwenzake vitani, na kwamba mtu aliyemwacha rafiki yake kwenye maji atashindwaje kuwaacha wananchi. Maneno yaliingia nyumba kwa nyumba. Siku ya mkutano mkubwa uwanjani, watu walikaa wamekunja mikono. Ngonyani alikuwa amemshikilia asianguke, na Sekela alikuwa kwenye viti vya nyuma ili asikie. Ndipo Bibi Tusubilege akapita katikati ya watu, akapanda jukwaani bila kukaribishwa, akakataa kipaza sauti.

"Huyu Aliyerudi alirudi kwa sababu mwanangu alimbeba," alisema. "Mwanangu hakuwahi kubeba takataka. Msikitupe alichokibeba mwanangu."

Akashuka, akaenda zake. Mwakalobo akashinda.

Bungeni hakuwa mtu wa mbwembwe. Aliomba barabara, akapata nusu. Aliomba daraja la Lukwego, na baada ya kuambiwa mara nyingi kwamba fedha ikipatikana litajengwa, lilijengwa, na Bibi akaacha kuvuka mto kwa kushika kamba. Lakini swali lake hasa lilikuwa moja. Kila mwaka alisimama, akaegemea mkongojo, akauliza Serikali ina mpango gani wa kuwatafuta askari ambao hawakuonekana vitani, ili wazazi wao wapate cha kuzika. Kila mwaka Naibu Waziri alimshukuru Mheshimiwa kwa swali zuri na kumhakikishia kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Wabunge vijana walianza kutabasamu akisimama. Mara ya mwisho alipouliza, wengi walikuwa wametoka kwenda kunywa chai.

Na kila alipotoka Dodoma, gari lilipita nyumbani kwake bila kusimama. Lilivuka daraja. Alikwenda kwanza kwa Bibi, akakaa naye jikoni mpaka jioni, wakati mwingine bila kuzungumza. Sekela aliliona gari likipita. Alifunika chakula, akakifunua, akakifunika tena. Hakuwahi kulalamika, kwani ungemlalamikia vipi mama aliyepoteza mtoto? Lakini kila mara alikuwa wa pili. Mume alimfikia akiwa amekwisha kula, amekwisha kuchoka, akiwa na harufu ya moshi wa jiko jingine.

Kipindi cha nne alishindwa kwenye kura za maoni na kijana mwenye pikipiki nyingi. Alirudi nyumbani, akaugua figo, akalala. Karibu na mwisho, Sekela alimuuliza bendera yake ya mazishi apewe nani. Alijua kwamba jeneza la mtu kama yeye litafunikwa bendera, na kwamba bendera hiyo hukunjwa na kukabidhiwa mtu mmoja wa kuitunza. Alitaka amsikie akisema, "Ni yako, mke wangu."

"Mpe aliyenifikisha," Mwakalobo alisema.

Sekela alimwuliza ni nani huyo. Mumewe alikuwa amelala tayari, na siku zilizofuata hakuwa na nguvu ya kujibu.

Basi ikafika siku ya mazishi. Askari walipiga risasi hewani. Wakainua bendera juu ya jeneza, wakaikunja pembe kwa pembe, na afande kijana, glavu nyeupe, akatembea nayo mpaka mbele ya Sekela. Utaratibu ulimtaja mjane. Hakuna aliyejua maneno ya marehemu isipokuwa yeye. Angenyoosha mikono tu, ingekuwa yake, na hakuna mtu duniani ambaye angemwuliza. Mikono yake ilianza kupanda.

Akaishusha.

"Ngoja, afande," alisema, na akawaeleza wote alichoambiwa na mumewe, neno kwa neno. Umati ulivuma. Kisha akawaita Ngonyani na Bibi Tusubilege wasogee.

Ngonyani alikuja akijaribu kucheka, kama alivyozoea kwenye misiba ya wengine. "Shemeji, mimi nilimfikisha kwa matusi tu. Sijui kama Serikali inatoa bendera kwa matusi." Watu wachache walicheka. Yeye mwenyewe hakuweza kuendelea nao. Alisema kwamba hana mke, hana mtoto, na kwamba siku yake ikifika hakuna afande atakayekuja Ilundo na glavu nyeupe. Angeomba kufunikwa na hiyo hiyo, ili aende akiwa na kitu cha kuonyesha kwamba naye alikuwepo. "Lakini usinionee huruma, shemeji," alisema. "Amua kwa haki."

Bibi Tusubilege alikuwa amekwisha kuwa mdogo sana, amejifunga khanga mbili kwa ajili ya baridi. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza shughuli za shambani.

"Mimi ningeizika. Nyuma ya migomba yangu pana mahali nilipopachagua zamani. Nimepafyeka kila mwaka. Sina cha kutia."

Afande kijana alitaka kusema kwamba bendera haizikwi. Alimtazama Bibi, akairekebisha bendera mikononi.

Sekela alibaki amesimama katikati yao. Alimwona Ngonyani, ambaye bila mabega yake mume wake asingefika hata kwenye lile darasa. Alimwona Bibi, ambaye mgongo wa mwanawe ndio uliomtoa mume wake majini. Akajiona na yeye, jioni zote zile kwenye dawati la nyuma, njaa tumboni, akisubiri neno. Alitaka bendera ile. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu, kwa sababu kingekuwa kitu cha kwanza cha mume wake kumfikia yeye kabla hakijavuka daraja.

Haya, ninyi mliokaa hapa. Bendera ni moja, na haikatwi. Aliyembeba hayupo, lakini mama yake yupo, na mahali pake pa kaburi pako tupu. Aliyemsimamisha yupo, na hana mtu. Aliyempa sauti yupo, na sheria iko upande wake, na ni yeye aliyechagua kusema kweli ambayo angeweza kuificha. Kama mmoja wao asingekuwepo, kazi ya wengine wawili ingekuwa bure. Mwenyewe amesema apewe aliyemfikisha, na hayupo tena wa kuulizwa. Afande amenyoosha mikono, manyunyu yameanza, kitambaa kinalowa. Je, wewe ungempa nani? Na wale wawili wengine ungewaambia nini wakati wanarudi nyumbani?

Semeni, lakini semeni polepole. Kwa sababu Sekela alipofumbua kinywa ili aamue, Bibi Tusubilege hakuwa akimtazama, wala hakuwa akiitazama bendera. Alikuwa amesogea mpaka kwenye jeneza lililobaki bila bendera mvuani. Alivua khanga yake ya juu, akaitandaza juu ya mbao, akainyoosha pembe kwa kiganja kama anayemfunika mtoto aliyelala. Akainama. Midomo yake ilijaribu, ikashindwa, ikajaribu tena, na wote waliokuwa karibu wakamsikia akimwita kwa jina lile:

"Ambakisye."