Bi Nguchiro na Gari Lililoambiwa Limekufa

Hapo zamani za kale, tena si kale sana maana magari yalikuwepo na bima zilikuwepo, wanyama waliishi kama sisi tu. Walijenga, walioza binti zao, walipanga foleni na kusukumana kwenye foleni hizo.

Basi watoto, palikuwa na Bi Nguchiro. Mdogo huyo! Ungeweza kumfungia mlango usoni bila kujua kwamba kuna mtu. Lakini akili alizokuwa nazo, wee, acha tu. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na riziki yake ilikuwa mikate. Alfajiri anaoka, asubuhi anapakia kwenye kigari chake cheupe, kutwa anazungukia vijiji saba.

Gari hilo aliachiwa na marehemu mumewe, aliyechora mkate ubavuni kwa mkono wake mwenyewe. Kusema kweli mkate ule ulifanana zaidi na kobe, lakini Bi Nguchiro aliupenda hivyo hivyo.

Siku moja Tembo alikuwa akijikuna mgongo kwenye mti. Kwaru, kwaru, kwaru! Utamu ukamzidi, akafumba macho, akaegemea kwa uzito wake wote.

Kraaa... puuu! Mti ukalala juu ya gari la mikate.

"Nisamehe, dada yangu!" Tembo alilia. "Palikuwa panawasha mno!"

Boneti ilijikunja, taa moja ikachomoka na kubingirika mpaka mtaroni. Bi Nguchiro alishika kiuno, akavuta pumzi.

"Basi, usilie wewe tena. Gari langu nimelikatia bima. Miaka sita nalipa, na sijawahi kuwaomba hata kalamu. Watalitengeneza."

Maskini, hakujua anakoelekea.

Kampuni ya bima ya bondeni pale ilikuwa na wakubwa wawili. Mkurugenzi alikuwa Kiboko, aliyeshinda ofisini ndani ya pipa la maji, mkononi ameshika muhuri. Mkaguzi alikuwa Fisi, mwenye penseli sikioni na mate mdomoni. Na sheria yao kuu ilikuwa hii: kama kulitengeneza gari ni ghali kupita nusu ya thamani yake, halitengenezwi. Linafutwa. Mwenyewe anapewa fidia kiduchu, na gari linabaki kuwa mali ya kampuni.

Fisi alikuja na daftari lake. Alilizunguka gari mara tatu, akilinusa.

"Hili limekufa," alisema.

"Limekufaje, Bwana Mkaguzi? Injini inawaka!"

"Inawaka kwa mazoea tu. Tazama boneti. Boneti kama hii inatoka ng'ambo, ikipita bahari mbili. Taa nayo ndiyo usiseme. Fundi atakaa hapa mpaka aote mvi." Fisi aliandika, akalamba midomo, akaandika tena. "Sasa thamani ya gari lenyewe. Kuukuu. Limechakaa. Tena limechorwa kobe."

"Ni mkate!"

"Thamani yake sawasawa na toroli. Kwa hiyo gharama zimepita nusu, na linafutwa. Pole sana, mama. Hi-hi-hiii! Samahani, ndivyo ninavyopumua."

Gari likafungwa kamba, likavutwa hadi yadi ya Fisi. Bi Nguchiro alibaki amesimama barabarani, akalia. Alilia kwa ajili ya mikate, akalia kwa ajili ya wanawe, na zaidi ya yote akalia kwa ajili ya mchoro ule wa ovyo ambao hakuna mwingine angeweza kumchorea.

Alipokuwa akirudi nyumbani kwa miguu, akasikia nyuma yake: piii, piii! Akaruka pembeni. Likapita gari la bluu likimetameta, na usukani ameshika Ngiri.

"We Ngiri, simama! Gari hilo si lilikuwa la Mbuni? Si lilifutwa mwezi uliopita?"

"Ndilo hilo," Ngiri alijibu, akijidai kidogo. "Nimelinunua kwa Fisi, kwenye yadi yake. Nilibadilisha kioo kimoja tu, basi. Fisi aliniapia kwamba ni zima, na kweli ni zima!"

"Ahaa," alisema Bi Nguchiro, na machozi yakamkauka hapo hapo.

Kesho yake, siku ya Alhamisi, alikwenda kwa Kiboko. Kwanza alijaribu njia iliyonyooka.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Naomba gari langu litengenezwe."

"Marahaba. Fisi amesema limekufa?"

"Amesema."

"Basi limekufa." Kiboko alipiga miayo, maji ya pipa yakamwagika chwaaa. "Mimi sitazami magari, mama. Mimi napiga muhuri. Kila Ijumaa napiga muhuri, kesho ni Ijumaa."

"Hata kulitazama mara moja tu?"

"Nitoke majini nikatazame gari? Mimi?"

Bi Nguchiro aliona kwamba huyu hashikiki kwa huruma. Akamtazama vizuri, akatazama na ukuta. Palikuwa na picha ya Mama Kiboko, amebeba kapu la matikiti kichwani, amekunja uso kweli kweli.

"Mama hajambo?" aliuliza kwa upole.

"Usiniulize! Kila nikirudi nyumbani ni kelele. 'Wake za wenzio wanapeleka matikiti sokoni kwa gari, mimi nabeba kichwani! Mkurugenzi gani wewe?' Mpaka usingizi umenipaa."

"Loo, pole. Basi ningekuwa wewe..." Bi Nguchiro alijiziba mdomo. "Hapana, si mambo yangu. Kwaheri."

"Ungekuwa mimi ungefanyaje? Rudi hapa!"

"Nasikia tu, Mkurugenzi. Nasikia Fisi anauza magari yaliyofutwa, tena mazima, kwa bei ya kutupa. Langu si limeshakufa kwangu? Heri lichukuliwe na mtu mwenye heshima zake."

Macho ya Kiboko yakatoka majini yote mawili. Angekuwa mkurugenzi wa kweli, watoto, hapo hapo angeuliza, "Fisi anauza magari ya kampuni kwa ruhusa ya nani?" Hakuuliza. Aliyaona matikiti tu, na mke anayetabasamu.

"Lakini sheria niliiandika mimi mwenyewe," alinong'ona. "Mfanyakazi wa kampuni haruhusiwi kununua gari la mteja."

"Mfanyakazi, ndiyo. Lakini mama mmoja kutoka mjini, aliyejisitiri vizuri, nani atamjua? Ila sikiliza. Watu wanatapeliwa sana kwenye magari. Usitoe hata senti mpaka Fisi akuandikie kwenye karatasi kwamba gari ni zima, aandike na thamani yake, kisha atie sahihi."

"Una akili wewe!" alisema Kiboko.

"Ah, kidogo tu," alijibu Bi Nguchiro, akatoka mbio hadi yadi. Akapenya chini ya uzio, akajificha ndani ya rundo la matairi.

Jioni ile ile pakaingia yadini mama mmoja mnene ajabu. Alikuwa amejifunika mapazia mawili ya ofisini, moja juu na moja chini, na pete za kuning'inizia bado zinalia kling, kling, kling. Fisi aliyaona mapazia yale kila siku ya kazi. Lakini tamaa, watoto, ilikwishamziba macho.

"Karibu, mama! Karibu, malkia! Unatafuta gari?"

"Natafuta gari la matikiti," alisema Kiboko, akijaribu kuibana sauti. Ikatoka nyembamba mwanzoni, ikaishia nene.

"Hili hapa! Limefika jana, bado la moto!"

"Nasikia liliangukiwa na mti."

"Mti? Nani kasema mti? Kijiti! Kijiti cha kupigia mswaki!" Fisi aliruka, akawasha injini. Vrrrum! "Unasikia? Inaimba! Boneti hii fundi anainyoosha huku anakunywa chai. Taa unaipata dukani hapo kona."

"Na mchoro huu?"

"Sanaa, mama! Kobe mzuri kama huyu utampata wapi?"

Kule matairini Bi Nguchiro alijing'ata mkia ili asipige kelele.

"Thamani yake?" aliuliza Kiboko.

"Hili? Thamani yake ni ya gari jipya. Kwako tu ndiyo nitapunguza, maana nimekupenda."

"Niandikie yote hayo, na sahihi."

Fisi akachomoa penseli sikioni, chwaka chwaka chwaka, akaandika: "Mimi Fisi, mkaguzi wa magari, nathibitisha kwamba gari hili jeupe ni zima. Linahitaji kunyooshwa boneti na kuwekewa taa moja, kazi ya siku mbili. Thamani yake ni ya gari jipya." Akatia sahihi yenye mikia mitatu, akaiweka karatasi juu ya boneti.

"Ngoja kwanza nilijaribu," alisema Kiboko. Akajirusha kwenye kiti cha dereva.

Krak! Springi zikavunjika zote nne kwa pamoja. Praaa! Mapazia nayo yakapasuka kuanzia juu mpaka chini.

Fisi akakodoa macho. "Mkurugenzi!"

"Fisi!"

"Unanunua gari la mteja!"

"Na wewe unauza gari ambalo sijalipigia muhuri!"

"Hodi hodi," ikasema sauti ndogo kutoka matairini. Bi Nguchiro akatoka, akajifuta vumbi, akaichukua ile karatasi kabla hawajageuza shingo. "Shikamooni, wakubwa wangu. Karatasi nzuri hii. Kesho Ijumaa wateja wote watakuwa ofisini, na Mbuni yumo. Nitawasomea mwenyewe, taratibu. Nikimaliza nitawasimulia na habari ya mapazia."

Kiboko alitokwa na jasho kana kwamba bado yumo kwenye pipa. "Usisome, mama, tafadhali! Fisi, andika litengenezwe!"

Lakini Fisi ni Fisi. Akaangalia springi zilizolala chini, akaanza kucheka. "Hi-hi-hiii! Mkurugenzi, mbona tumepona! Jana ilikuwa boneti na taa. Leo springi nne! Hata mafundi tuwachague wa bei rahisi namna gani, gharama zimepita nusu ya thamani kwa mbali. Sheria ni sheria. Linafutwa!"

Kiboko akamtazama Bi Nguchiro. Bi Nguchiro akakunjua karatasi pole pole.

"Nusu ya thamani ipi, Bwana Mkaguzi? Ya toroli, au hii uliyoitia sahihi sasa hivi?"

Fisi akainyakua penseli yake, akaificha mgongoni.

"Hapa umeandika thamani yake ni ya gari jipya. Basi nusu ya gari jipya, nikihesabu vizuri, inatosha boneti, inatosha taa, springi nne, matairi manne, na kupiga rangi gari zima. Isipokuwa hapa ubavuni." Akaugusa mkate wake. "Hapa atakayegusa tutagombana."

Pwaa! Kiboko alichomoa muhuri wake kwenye vipande vya pazia, akaupiga hapo hapo, juu ya boneti iliyokunjika: LITENGENEZWE. Na kwa kuwa jioni ile hapakuwa na gari la kulivuta, walilisukuma wao wawili mpaka gereji, mlima wote ule, Fisi akihema na Kiboko akijifunika vipande vya pazia. Bi Nguchiro alikaa ndani ameshika usukani, akiwaambia kata kulia, kata kushoto.

Jumatatu asubuhi vijiji saba vilikula mikate ya moto. Mbuni naye alikwenda kupanga foleni ofisini kwa Kiboko kudai gari lake la bluu, na kwapani amebana ile karatasi ya Fisi, aliyoazimwa na Bi Nguchiro.

Hadithi yangu nimeifikisha gereji, na funzo lake ni hili: anayemwambia mwenye mali hivi na mnunuzi vile, ajue iko siku hao wawili watakutana.