Kidole cha Mbaruku na Meno ya Punda

Haya, kaeni. Na wewe mwenye kofia kaa, unaziba watu. Simu tieni mfukoni, maana hii ukikosa kipande kimoja utaanza kuniuliza "punda katokea wapi?" na mimi sirudii.

Hapo zamani, mtaa wa Shimo la Chokaa, kahawa ilikuwa haitangazwi kwa mdomo. Muuza kahawa anapita na dele lake, lile birika la shaba lenye makaa chini. Mkono mmoja umeshika dele, mkono wa pili umeshika vikombe viwili vidogo, anavigonga. Ndilo tangazo hilo. Na kila muuzaji na mlio wake. Huyu anagonga hivi, yule anagonga vile, na ilikuwa aibu kubwa kugonga mlio wa mwenzio. Bora umuibie kuku.

Sasa pale mtaani alikuwepo mzee mmoja, Mbaruku. Mlio wake ulikuwa unachechemea. Ka-cha, ka-cha, ka… cha. Ile ya mwisho inachelewa, kama mtu mwenye mwiba mguuni. Kisa? Ujanani alimpa punda ganda la tikiti, punda akaona ganda na kidole vyote ni vyake. Kidole kilipona, ila kiligoma kukunjika. Basi akigonga vikombe, vidole vingine vinafika, chenyewe bado kiko njiani.

Watu wakaupenda ule mlio, we! Ikisikika ka… cha, kinyozi anaacha kichwa nusu. Mtu anagombana na mkewe, anamwambia, "Shikilia hapohapo, nakuja." Wote hao barazani kwa Haji Twalibu, maana ndilo lilikuwa baraza pekee lenye kivuli alasiri nzima.

Na kahawa yenyewe? Tusidanganyane. Kahawa ya Mbaruku ilikuwa maji ya moto yaliyosikia habari za kahawa. Lakini nani atasema? Mwingine hakuna.

Akatokea Hemedi.

Hemedi kijana, vidole vyote vizima. Huyu kahawa anaijua. Buni anakaanga mwenyewe, anatwanga mwenyewe, anatia tangawizi, ukinywa unajikuta umemsamehe mpaka mama mkwe. Tatizo lake moja: mlio. Wake ulikuwa tiki-tiki-tiki, na watu ndani wakidhani fundi saa anapita. Hatoki mtu. Kahawa inapoa, Hemedi anarudi kuinywa na mama yake, halafu wote wawili hawalali.

Akafanya nini? Akajifungia ndani, akafunga kidole kwa kijiti na kitambaa, akajifunza kuchechemea. Akagonga, akagonga, mpaka siku mama yake akauliza kutoka jikoni, "Hemedi, huyo Mbaruku kaingilia mlango gani?"

Hemedi akajua ameiva.

Kuanzia hapo anapita vichochoroni kabla ya Mbaruku. Ka-cha, ka-cha, ka… cha. Na wanawake wa mtaa ule walikuwa hawachungulii. Mkono unatoka dirishani na birika, linajazwa, mkono unarudi, pazia linashuka. Mbaruku akija baadaye anakuta sifa zinamngoja.

"Mzee Mbaruku! Kahawa ya leo! Umeoa tena nini?"

Mbaruku hajui kinachosemwa, lakini sifa nani huzirudisha? Akajibu, "Uzoefu huo, binti yangu." Akaanza kutembea kifua mbele. Sifa zikazidi, wateja wakapungua, na yeye akawa anashangaa: mbona napendwa hivi na dele halishuki?

Mpaka siku moja amesimama apumzishe magoti, akausikia mlio wake unatokea kichochoro cha pili. Akatazama mikono yake. Imetulia.

Vita ikaanzia hapo. Wakakutana barazani, madele mawili yanafuka uso kwa uso.

"We kijana! Huo mlio wangu!"

"Mlio una jina, mzee wangu? Umeupiga chapa?"

"Una kidole changu ndani yake!"

"Na kahawa unayosifiwa ina tangawizi yangu ndani yake. Mbona sifa zake hukuzirudisha?"

Pembeni ya baraza alikaa Bi Nunu, muuza kashata, na upepeo wake wa kufukuzia nzi. Akacheka mpaka upepeo ukaanguka. "Nyie gombaneni tu. Mnadhani watu wanafuata maji yenu? Watu wanafuata kashata yangu. Ikishawanasa meno ndiyo wanatafuta cha moto cha kuibandulia."

Wangeendelea hivyo mpaka kesho, ila ng'ambo ya barabara ikafunguliwa hoteli. Ya bwana mmoja anaitwa Kaptula. Chai ya maziwa, redio inaimba, na sikia hii: sukari unajitilia mwenyewe! Mtaa mzima ukahamia huko. Kuna waliokuwa wanakula sukari na chai kidogo.

Baraza likabaki jeupe. Mbaruku anagonga, Hemedi anagonga, wanasikilizana wenyewe kwa wenyewe. Bi Nunu anawauzia kashata wao, wao wanamuuzia kahawa yeye. Haji Twalibu anakaa mlangoni pake mnyonge, hata umbea haumfikii.

Lakini Kaptula alikuwa hashibi. Aliona wazee wawili watatu bado wanavuka kwenda barazani kila jioni. Akamwita mhudumu wake. "Siri yao ni ule mlio. Chukua vikombe. Gonga kama Mbaruku, humuhumu ndani."

Mhudumu akasema, "Bosi, kugonga mlio wa mtu…"

"Gonga!"

Mhudumu akagonga. Ka-cha, ka-cha, ka… cha.

Loo! Hoteli nzima ikasimama. Hakuna aliyeamua, miguu tu. Mtu ana glasi ya chai mkononi, kainuka. Mwingine ana andazi mdomoni, kainuka. Mpishi kainuka na upawa. Wote kimya, mstari mmoja, wakavuka barabara, wakakaa barazani. Na Kaptula aliyewakimbilia awarudishe, alipofika akajikuta anauliza, "Bi Nunu, ya nazi imebaki?"

Hoteli haikukaa sana baada ya hapo.

Sasa ndiyo mtanziko wenyewe. Baraza limejaa tena, moshi wa madele mawili unapanda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo ya Bi Mosi, mke wa Haji. Bi Mosi akatoka na kanga yake mkononi. "Twalibu! Nimekwenda harusini nanuka kama mkaa. Mchague mmoja, au nikae mimi barazani na wewe ukafue."

Haji akaogopa. Akapaka ukuta chokaa, akanunua rangi nyeusi na brashi. Akatangaza mbele za watu: "Naandika jina moja hapa. Huyo ndiye mwenye baraza, siku zote. Wengine wakitaka kukaa wamwombe yeye. Akikataa, wakatembeze juani."

Mbaruku akasogea kwanza, anavuta mguu. "Haji, magoti haya hayanifikishi tena mwisho wa mtaa. Ukiniondoa hapa, umenipeleka kitandani. Na sisemi kwa huruma. Nani aliwafundisha watu hawa kuinuka? Hata hoteli ilivunjwa na mlio wangu, na mimi nimekaa kimya. Nitoe mimi, uone kama atakuja mtu."

Watu wakasema, "Kweli."

Hemedi akasogea. "Haji, mlio unamleta mtu mara moja. Nani anamrudisha kesho? Mzee hapa alikuwa anaita watu waje kunywa mvuke. Hilo jina lake analojivunia, nimelisafisha mimi kwa tangawizi yangu. Nitoe mimi, uone kama atarudi mtu."

Watu wakasema, "Na hiyo kweli."

Bi Nunu hakusogea, wao ndio walimgeukia. "Mimi nilikuwa hapa kabla dele halijafika. Nani kati yenu kawahi kunywa kahawa ile chungu bila kashata? Nyoosha mkono." Mikono yote ikabaki mapajani. "Basi. Mimi sifuki moshi, Bi Mosi shahidi. Niandikeni, na hawa wawili nitawapangia zamu. Nitoe mimi, uone watamezaje."

Haji jasho. Akasema, "Nafumba macho. Gongeni."

Ikagongwa. "Huyu Mbaruku!" Kumbe Hemedi. Ikagongwa tena. "Huyu Hemedi!" Kumbe Mbaruku, na Mbaruku akanuna kweli.

"Basi nionjesheni." Macho bado kafumba, akaonja ya kwanza, akatema. Akaonja ya pili, akatabasamu. "Aaah! Hii sasa ndiyo kahawa ya Mbaruku ninayoijua!"

Ilikuwa ya Hemedi. Mbaruku akaanza kushangilia, halafu akaacha.

Haji akachovya brashi. Akainua mkono. Nyuma kukasikika, "Ngoja! Ngoja kwanza!"

Ni Makange, mwenye mkokoteni, anamvuta punda mzee ambaye mdomoni jino limebaki moja.

"Haji, mimi simo kwenye kahawa. Lakini huyu ndiye aliyeng'ata kile kidole. Bila meno yake, Mbaruku angegonga kama wengine wote, Hemedi asingekuwa na cha kuiga, Kaptula angekuwa anauza chai mpaka leo. Mtoe punda wangu, uone."

"Punda apewe baraza?" Hemedi akamaka.

"Kivuli tu, ndugu yangu. Naye kazeeka."

Mbaruku, kwa hasira, akavigonga vikombe vyake. Ka-cha, ka-cha, ka… cha. Na punda yule, wallahi, akainua masikio, akatembea taratibu katikati ya watu, akasimama mbele ya baraza akingoja.

Bi Mosi akavuta kanga zake kutoka kwenye kamba. Rangi inamdondokea Haji kwenye kanzu, tone, tone, na yeye anatazama goti la Mbaruku, anatazama dele la Hemedi, anatazama sinia la Bi Nunu, anatazama punda. Mwisho akaugeuzia umati ule mpini wa brashi.

Haya, brashi hiyo wewe ndiye umeipokea. Ukuta mweupe, jina moja tu. Je, nani alistahili? Ungemwandika nani?