Seli Zisizotaka Kuacha

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya. Miaka thelathini na mmoja aliiongoza kwaya ya usharika wake, na hakuna aliyebisha kwamba aliijenga yeye. Aliwakuta watu wasioijua besi wala teno, akawafikisha mahali pa kualikwa hadi wilaya za jirani.

Lakini mwaka huo wa thelathini na mmoja sauti yake ilianza kukatika. Akipanda juu, inakwaruza. Mkono nao, akiuinua kuongoza, ulikuwa unatetemeka, na waimbaji wa sauti ya kwanza wakawa hawajui waingie wapi. Alikuwa na msaidizi, mama mmoja hodari sana, ambaye kwa miaka kumi na miwili kazi yake ilikuwa kugawa vitabu. Vijana waliuliza, "Mwalimu, kwani mama hawezi kutuongoza hata wimbo mmoja?" Naye akajibu, "Bado hajaiva."

Mzee hakuwa anatafuta mrithi. Alikuwa anatafuta dawa. Akapanda basi mpaka mjini kwa binti yake, aliyefanya kazi katika maabara wanakochunguza jinsi mwili unavyozeeka.

"Shikamoo baba. Unaumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Siumwi, nazeeka. Nimekuja mnizuie."

Binti hakucheka. Alimvika koti jeupe, akamketisha mbele ya hadubini, akaweka kisahani cha kwanza.

"Hizi ni seli za ngozi ya mtoto mchanga," alisema. "Tulizilisha vizuri, zikawa zinajigawa. Zilipofika kama mara hamsini zikaacha. Ndani ya kila seli kuna nyuzi zinazobeba maagizo ya kazi yake, na kila ikijigawa, ncha za nyuzi hizo zinapungua kidogo. Zikishakuwa fupi mno, seli inasimama."

Mzee alichungulia. Aliziona zimetandaa, pana, zimetulia tuli. Hakuzipenda hata kidogo.

Binti akaweka kisahani cha pili. Humo seli zilikuwa zimebanana mpaka zinapandiana.

"Na hizi?"

"Hizi hazizeeki, baba. Zinaendelea kujigawa tu. Mtu ambaye zilitolewa mwilini mwake alishafariki zamani, zenyewe bado zipo."

Moyo wa mzee ukamwenda mbio. Jamani, ni nani kati yetu asingefurahi? Akasema, "Hizi ndizo ninazotaka. Kama ni sindano, nichome leo."

"Baba, hizo ni saratani. Ndizo zilizomuua mwenyewe."

Mzee akaondoa jicho kwenye hadubini. Akauliza, "Sasa zile za kwanza, mbona mwili unazisimamisha?"

"Kwa sababu zikiendelea na ncha zilizokwisha, zitaharibika na kuharibu. Seli iliyosimama kwa wakati wake imeulinda mwili. Hii nyingine ilikataa kusimama, ikala chakula cha wenzake na nafasi yao."

Basi mzee alirudi nyumbani ameguswa. Njia nzima alikuwa akijiambia, hili ni neno la kweli, ni lazima nilifanyie kazi. Aliposhuka kituoni hakupitia hata kwake, akaenda moja kwa moja kwenye mazoezi. Akasimama mbele ya kwaya akawasimulia vile visahani viwili, hakuacha kitu. Vijana wakatazamana. Yule mama msaidizi akaweka vitabu chini akasikiliza.

Mwalimu akamaliza akisema, "Kwa hiyo nimeona mwenyekiti wa kwaya yetu apumzike. Miaka sita imemtosha."

Mwenyekiti akapumzika. Wiki iliyofuata msaidizi hakuja, wala iliyofuata. Vijana wakapungua mmoja mmoja. Ilipofika Pasaka mwalimu alikuwa bado yuko mbele, anawaongoza wazee wenzake wachache, na mabenchi ya nyuma yao ni matupu.

Mnacheka. Haya, niulize: tangu nilipotaja saratani, wewe umekuwa ukimfikiria nani? Nimemwona mtu akimgusa mwenzake kwa kiwiko. Huyo mwalimu hakuwa mtu asiyesikia. Alisikia vizuri, akaelewa, akaguswa, halafu akampa mwingine. Na sisi ndivyo tulivyo. Neno likija tunalipokea kwa heshima, tunalifunga vizuri, tunampelekea jirani.

Mimi mwenyewe nilipokuwa nikiandaa mfano huu, mawazo yangu yalikwenda kwa mzee mmoja wa baraza. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima ndipo nikajiuliza nina miaka mingapi kwenye mimbari hii. Ni kumi na tisa. Na mwinjilisti wetu, huyu hapa, hajahubiri humu tangu Krismasi ya mwaka juzi. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia bado hajaiva.

Jumapili ijayo atahubiri yeye. Mimi nitakaa pale, benchi la nne, na wala sitamsahihisha. Nanyi kila mmoja anamjua anayesubiri nyuma yake. Msiniletee mimi jina lake. Mwiteni leo, mkitoka hapa.