Matawi ya Mwampamba

Tawi liokoalo barabarani huua uwanjani.

Fundi Gwakisa ameisema leo hapa gereji alipomwona mmoja wenu akiukimbilia moto wa petroli na ndoo ya maji. Wote mmetikisa vichwa kama mlioelewa, kisha mmekuja kuniuliza mimi kwa sababu hamkuelewa. Vizuri, kuuliza si ujinga. Methali hii si ya kale. Ilizaliwa juu ya lami, mchana kweupe, na aliyeizaa hakuwa mjinga hata kidogo. Ilianza hivi.

Kule Lusungo, palipokuwa na uwanja wa ndege ulioachwa, watu walitengeneza njia ya mbio za magari yenye kona saba. Siku nyingine zilikuwa za wanamashindano, lakini Jumapili lango lilikuwa wazi kwa yeyote. Ukiwa na gari lenye breki nzima na helmeti kichwani, unaingia na kuzunguka. Siku hiyo hapakuwa na mshindi wala kombe. Kila mtu alikwenda kwa mwendo wake.

Ezekieli Mwampamba alikuwa dereva wa malori. Kwa miaka thelathini na mmoja alikwenda Tunduma na kurudi Dar es Salaam, akauzoea mteremko mkali wa Kitonga kama ngazi za nyumbani kwake. Alikuwa na binti mmoja tu, Tulinagwe, na binti huyo aliupenda uwanja wa Lusungo kuliko chakula. Kila Jumapili baba alikaa na roho mkononi mpaka asikie gari la mwanawe likiingia uani. Mwishowe akasema atakwenda mwenyewe akaone kuna nini huko, na akaenda na gari lake dogo jeupe, binti akitangulia na lake la bluu.

Kabla ya kuingia, kila dereva alilazimika kukaa chumbani na kusikiliza masharti. Msimamizi, Bwana Kachenje, aliyaeleza polepole kama katekista. Usimpite mtu kwenye kona. Subiri kwenye njia iliyonyooka, mpaka wa mbele akuonyeshe kwa mkono upande wa kupita. Bendera ya njano, punguza mwendo wala usimpite mtu, nyekundu, simama. Gari likikufia, lisogeze pembeni, ubaki ndani na mkanda wako mpaka wahudumu wafike.

Mwampamba hilo la mwisho hakulisikia. Alikuwa amemgeukia jirani yake, anamsimulia namna alivyoliteremsha lori Kitonga breki zikiwa zimechemka. Daftari lilipomfikia alitia sahihi. Miaka thelathini na mmoja, mtu atamfundisha nini?

Mizunguko miwili ya kwanza ilimchanganya. Vijana wenye magari yenye nguvu walimfikia kwa nyuma, na hawakupiga honi wala kumwashia taa. Walisubiri. Alipotoa mkono walipita, wakamwinulia kiganja cha shukrani. Barabara kuu nani humsubiri mzee? Akawa hajui kama anaheshimiwa au anachekwa.

Mzunguko wa tatu, mara tu baada ya kona ya nne, injini ikazima. Akaliacha gari liserereke mpaka ukingo wa nje, likasimama. Hapo hakuhitaji kufikiri. Dereva wa malori gari likimharibikia nyuma ya kona hujua la kufanya kabla hata ya kuvuta breki ya mkono: hukata matawi, huyapanga barabarani, ili wajao nyuma wajue mbele kuna hatari. Mwampamba alishaokoa watu kwa matawi, na yeye mwenyewe alishaokolewa nayo.

Akafungua mkanda, akashuka. Kandokando palikuwa na mikaratusi mifupi. Akavunja matawi manene yenye majani mabichi, akatembea kurudi kwenye kona, akaweka fungu la kwanza katikati ya lami. Akaongeza hatua, akaweka la pili upande wa ndani.

Wakati huo mambo yakaanza kumshangaza. Mshika bendera aliyekuwa kibandani pembeni ya kona alikuwa akiipunga bendera ya njano kwa nguvu zote. Mwampamba akadhani anapongezwa, naye akampungia tawi. Mtu yule akaanza kupuliza filimbi, kisha akaonyesha ukuta wa matairi uliojengwa kandokando ya njia, kisha akashika kichwa. Kwani kuna nini? Hawa watu hawajapata kuona dereva muungwana?

Akainama kuweka fungu la tatu. Alipoinua uso, gari la bluu la Tulinagwe lilikuwa limeingia konani.

Halikuwa na mwendo mkubwa. Alimwona mwanawe nyuma ya kioo, akaona macho yake yanavyotanuka ndani ya helmeti. Gari likakata ghafla kumkwepa, gurudumu likapanda majani mabichi, likateleza. Likazunguka mara mbili, likaenda kujibamiza ubavu kwenye ukuta wa matairi.

Mwampamba alibaki amesimama na tawi mkononi. Alama aliiweka. Aliiweka mahali pake. Mbona mtoto ameteleza?

"Tuli! Toka nje, mwanangu! Toka!"

Tulinagwe hakutoka. Aliinua kioo cha helmeti kwa mkono mmoja na kupaza sauti: "Baba, ondoka kwenye lami! Ruka ukuta!"

"Umeumia?"

"Ruka ukuta, Baba! Wanakuja wengine!"

Hakuwahi kuamrishwa na mtoto wake. Akaruka hivyo hivyo, suruali ikachanika kwenye waya uliofungia matairi, akaanguka upande wa pili. Magari mawili yakatokea konani yakitambaa, yakasimama mbele ya majani. Sasa bendera nyekundu zilikuwa zinapepea kila kibanda, na magari yote yakasimama.

Wahudumu walimkuta Tulinagwe amevunjika mkono wa kushoto. Katika chumba cha huduma ya kwanza baba alikaa karibu yake, vumbi mpaka kwenye nyusi, hajui aanzie wapi.

"Bwana Kachenje," akasema, "shitaka langu ni lipi? Nilifanya kila kinachotakiwa. Kama ningekaa ndani ya gari, nani angewaonya?"

Kachenje alikuwa na hasira, lakini alimheshimu mzee. "Mzee wangu, kule kwenye barabara kuu uko peke yako, ndiyo maana unaweka matawi. Hapa kila kona ina mtu wa kuonya."

Mwampamba akamtazama bila kumwelewa. Akamgeukia binti yake.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, Baba. Bendera niliiona tangu kona ya tatu. Nikapunguza mwendo, nikajua mbele kuna gari limekufa pembeni, nikashika upande wa ndani nipite taratibu." Machozi yakamlenga. "Nilijua kuna gari. Sikujua kuna mtu."

Hapo ndipo lilipomwingia. Upande wa ndani ndiko alikosimama yeye. Wema wake wote, hatua baada ya hatua, ulimtoa mahali salama na kumpeleka mbele ya gari la mwanawe. Kidogo tu, Tulinagwe angemuua baba yake, akaishi na jambo hilo maisha yake yote. Mzee akaona aibu, akaogopa, akaushika mkono wa mwanawe uliokuwa mzima.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. Kisha, taratibu, kama anayejieleza mwenyewe: "Kumbe tawi liokoalo barabarani huua uwanjani."

"Halijaua, Baba."

"Kwa leo," akasema Mwampamba.