Nani Aliyegonga Bomba?

Hii hutaiamini, lakini ilitokea. Nyundo ya mbao iligonga bomba mara mbili tu, na nusura kiwanda kizima kiruke hewani. Na nyundo yenyewe haikutoa hata cheche moja!

Ilianza kusimuliwa uwanjani, siku kocha alipokuwa akiita majina. Mmoja hayupo, mwenzake akamjibia, "Yupo!" Mzee Mbaruku, aliyekuja kutazama mazoezi, akasema pale pale: "Usimjibie mwenzio, kimya chake ni kilio." Vijana wakamzonga. "Babu, hiyo umeitoa wapi?" Akawaambia kwamba msemo huo una kwao, na kwao ni kiwanda cha spiriti alichofanyia kazi ujanani.

Kiwandani hapo spiriti ilihifadhiwa kwenye matangi makubwa, na uwanja wa matangi ulilindwa na mtu mmoja peke yake, Mzee Shekivuli. Kazi yake kuzunguka, kukagua koki, kunusa. Simu hakuna, zote zinaachwa getini kwenye sanduku, maana mvuke wa spiriti ukikutana na cheche ndogo tu, basi tena. Sasa akianguka huko, nani atajua?

Wakabuni njia yao. Kila king'ora cha robo saa kikilia, mzee anagonga bomba refu mara mbili kwa nyundo ya mbao. Chumba cha pampu, dada mmoja anaitwa Mwanamvua anasikia, naye anamjibu mara moja. Ko, ko. Ko. Maana yake mzee yu mzima, kazi inaendelea.

Siku moja mzee alichelewa kidogo, Mwanamvua akapuliza filimbi, watu wakakimbia na barakoa zao, kumbe mzee yuko chooni! Looo! Kiwanda kizima kilicheka. Toka siku hiyo wakambatiza Mama Matanga.

Haikupita wiki. Saa tano asubuhi, jua kali, malori matatu yamepanga foleni yajazwe spiriti, king'ora kikalia. Mwanamvua akatega sikio. Kimya. Akaweka kiganja juu ya bomba. Kimya. Akaishika filimbi, akaiachia, akaishika tena.

Fundi mmoja mcheshi, waliyemwita Kidudu, alikuwa mlangoni akimtazama. "Mama Matanga, leo tunamzika nani?"

"Mzee hajagonga."

"Amesinzia, dada'angu. Ukizima pampu malori yakalala hapa, bosi atakula nyama yako mbichi."

"Kidudu, niache nisikilize!"

Kidudu akaondoka akicheka. Kitambo kidogo, bomba likalia: koko!

Mwanamvua akashusha pumzi. Akainua nyundo yake ajibu. Mkono ukagoma hewani.

Koko? Mzee Shekivuli alikuwa na bega bovu, lilivunjika zamani. Akigonga mara moja, lazima apumzike ndipo anyanyue tena. Miezi minane Mwanamvua amesikia ko, halafu pumzi nzima, halafu ko. Hii imegongwa na bega zima.

Kidudu akarudi anatabasamu. "Umesikia? Tulia sasa."

"Yule si mzee."

"Si mzee nani? Jini?"

"Kidudu, niangalie usoni. Umegonga wewe?"

Kidudu akajibu, "Nimekugongea pale kwenye kona ya bomba, dada. Nilitaka usichekwe tena."

Mwanamvua hakungoja neno la pili. Akabonyeza kitufe, pampu ikafa. Akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akatoka mbio kwenda, si kwa mzee, bali kwenye malori! Dereva wa kwanza keshashika ufunguo. "Usiwashe! Usiwashe, kaka yangu, toa mkono!" Dereva akaganda. Ndipo harufu ikawafikia, ikitambaa chini chini kama maji, tayari iko kwenye magurudumu.

Watu wawili wakavaa barakoa za hewa wakaingia. Kiungio cha bomba kilikuwa kimeachia nyuma ya tangi la tatu, spiriti inamwagika, mzee amelala kifudifudi, nyundo hatua mbili kutoka mkononi. Alikuwa anaifuata. Wakamburuta nje. Ilichukua muda, jamani, muda mrefu, ndipo akakohoa.

Alipopata sauti, la kwanza aliuliza, "Nilisikia bomba likigongwa kama vile ni mimi. Nikajiambia, basi wataamini niko mzima, hakuna atakayekuja. Nani alinijibia?"

Hakuna aliyecheka siku ile.

Uwanjani pale vijana walikuwa wamesahau hata mpira. Mmoja akauliza, "Babu, na huyo Kidudu walimfukuza?"

Mzee Mbaruku akatazama viganja vyake. "Hawakumfukuza. Walimpa kazi kama ya Mwanamvua, akae kwenye bomba asikilize. Miaka kumi na tisa nimekaa, sikuwahi kumwitikia mtu asiyegonga."

Wakamtazama, hakuna aliyethubutu kulitaja lile jina. Yule kijana aliyesema "Yupo" akanyanyuka taratibu, akaenda kumtafuta mwenzake kwao.

Usimjibie mwenzio, kimya chake ni kilio.

Haya, nawe niambie: umeshachekwa mara moja, malori yanangoja, na mlio umeusikia kwa masikio yako mwenyewe. Ungeizima ile pampu?