Mlango Aliouchimba Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa nyamazeni, wadogo sogeeni. Hapo zamani za kale, moto uliunguza nchi moja yote. Muhanga, mnyama mla mchwa, akatoka huko peke yake. Akatembea, akatembea, akatembea, mpaka akafika kwa Ngiri na Mama Nguchiro.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mgeni. Mbona pua ndefu hivyo?" Ngiri akacheka. Mama Nguchiro akacheka. Muhanga naye akacheka, maana alitaka kupendwa.

Akawaambia, "Moto niliokimbia unakuja huku. Tuchimbe nyumba chini ya ardhi. Kuchimba najua, lakini nyumba ya wote siiwezi peke yangu."

Wakaanza. Muhanga anachimba, chaka-chaka-chaka! Ngiri anasukuma udongo, puu! Mama Nguchiro anatoa mawe, moja moja. Siku saba. Mchana wakila, wanakula pamoja. Mama Nguchiro alimtafutia Muhanga mchwa, akamwita dada. Muhanga hakuwahi kuitwa dada na yeyote. Siku hiyo alichimba mpaka kucha zikatoka damu, wala hakusikia maumivu.

Siku ya nane, adhuhuri, moshi ukatanda. Vuuuu! Moto huo! Wote mbio, ndani.

"Mwanangu!" Mama Nguchiro akapiga yowe. "Kitindamimba wangu simwoni!"

Muhanga hakungoja kuambiwa. Akatoka. Akamkuta mtoto kajikunyata kichakani, akampakia mgongoni, akarudi mbio, mkia unaungua.

Akakuta mlango umezibwa kwa jiwe.

"Nifungulieni! Ni mimi, dada yenu!"

Ngiri akajibu toka ndani, "Moshi utaingia. Tuna watoto humu."

"Na huyu niliyembeba ni mtoto wa nani?"

Jiwe likasogea, kidogo tu. Mkono wa Mama Nguchiro ukatoka.

"Nipe mwanangu, dada."

Muhanga akampitisha. Naye akaingiza pua.

"Wewe mkubwa," akasema Ngiri. "Hupiti."

"Mlango huu nimeuchimba mimi, Ngiri. Napita."

Gu! Jiwe likarudi. Muhanga akasikia mtoto akibembelezwa ndani.

Akachimba palepale nje, chaka, chaka, kwa kucha zilizovunjika. Akajifukia. Moto ukapita juu yake, ukambabua masikio.

Moto ulipozimika, wakatoka.

"Pole, dada!" akasema Ngiri. "Tulijua wewe fundi, hutashindwa. Ukipumzika, kuna chumba cha akiba tunataka kuongeza."

Muhanga akamtazama Mama Nguchiro. Mama Nguchiro alikuwa anamlamba mwanawe, hainui macho.

"Dada," Muhanga akamwita.

Hakuitika.

Muhanga akajikung'uta majivu, akaenda zake. Tangu siku hiyo huchimba peke yake. Hukaa shimoni siku mbili tatu, kisha huliacha, akachimba jingine mbali. Na wanaohamia humo ni nani? Ni Ngiri na Nguchiro. Hulala humo, wakazaa humo, na watoto wao hawaambiwi nyumba ilichimbwa na nani.

Basi, watoto, nanyi wazazi wao: mgeni mkifanya naye kazi, mkamwita ndugu, mfungulieni siku ya moto. Kama hamtaweza, msimwite ndugu.

Hadithi yangu imefika hapa, imekaa chini.