Karatasi Iliyomuua Ng'ombe wa Bi Nyanzala

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, zamani ya juzi tu, wasomi walipochoka kusoma, Bi Nyanzala alikuwa na ng'ombe mmoja. Maziwa ya asubuhi yalimlisha yeye, ya jioni yaliwavisha wajukuu. Hakuwa na kingine.

Miaka ishirini aliogesha ng'ombe wake dawa ya kupe: ndoo moja ya maji, kifuniko kimoja cha dawa. Safari hii chupa ikaja na karatasi mpya, ina picha ya rangi na muhuri: "Ndoo moja, vifuniko kumi." Akashtuka. Lakini nani abishane na muhuri? Akamimina kumi. Kesho yake ng'ombe alilala miguu juu, hana kupe hata mmoja.

Kwao, aliyeua ng'ombe hulipa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na mtamba hutoka zizi moja; hawachangishani kama harusi. Watu wakaitwa.

Akaja Masalu, mwandishi wa kiwanda cha dawa, kompyuta kwapani. "Mama, mimi sikuandika. Niliiambia mashine iandike, ikaandika Kiswahili kitamu kuliko changu. Nikaiuliza, una hakika? Ikasema, kabisa!"

"Nawe ukaona aibu kuibishia, maskini."

"Nilitakiwa kutoa karatasi arobaini kwa siku, mama!"

Akaja bosi wake, Kwilasa. "Mashine nilimpa mimi, kazi iende mbio. Mimi natia sahihi tu."

"Juu ya sahihi pameandikwa 'Nimesoma'."

"Hayo ni maneno ya fomu, mama."

Akaja Ngusa mwenye duka. "Mimi hiyo kumi niliiona, nikacheka. Lakini nauza chupa, siuzi ushauri."

"Ungecheka kwa sauti, jirani yangu, nisikie."

Hapo wote watatu wakamgeukia. "Na wewe je? Miaka ishirini unajua ni kimoja. Mkono uliomimina ni wa nani?"

Bi Nyanzala, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, akaanza kuikunja kamba ya ng'ombe wake.

Masalu akaifungua mashine, wakaiuliza. Ikajibu kwa adabu zake zote: "Samahani kwa usumbufu. Mko sahihi, ni kifuniko kimoja. Je, niwasaidie jambo jingine?" Lakini mashine haina zizi.

Haya, ninyi mnaocheka, semeni: mtamba atoke kwa aliyeiagiza mashine bila kupima, kwa aliyesaini bila kusoma, kwa aliyeona akanyamaza, au Bi Nyanzala, aliyejua akatii, arudi nyumbani na kamba tupu?